Ukuta wa Chai

Jumatatu, 3 Februari

Nimekwenda. Nimerudi. Siwezi kuinua mikono kuchana nywele. Hata kalamu hii naishika kama mwiko.

Jimu yenyewe ni ghala la zamani la matairi, mpaka leo linanuka mpira. Saa kumi na moja na nusu alfajiri, watu ishirini na wawili, taa kali, muziki wa kupasua masikio. Hakuna kioo hata kimoja, hilo lilinifurahisha. Ukutani kuna ubao wa majina na saa kubwa ya namba nyekundu. Sekunde arobaini kazi, sekunde ishirini kuvuta pumzi. Kuruka sanduku, pushapu, kuchuchumaa na chuma begani, kutikisa kamba nene kama mkono wangu. Ukimaliza, unaanza upya. Dakika arobaini tu, walisema. Tu!

Ukisimama kabla ya kengele, kocha anakuja mbele yako, halafu anawauliza wengine: "Mwili?" Wote wanapaza sauti: "Mwongo!"

Yaani mwili unadai umechoka na haujachoka. Ndiyo dini ya pale.

Raundi ya tatu nilitapika kwenye ndoo. Wakanipigia makofi! Nina miaka arobaini na tatu, sijawahi kupigiwa makofi kwa kutapika. Wala kwa jambo lingine, nikifikiri vizuri.

Kocha akauliza nafanya kazi gani. Maabara, nikasema, kliniki ya pale juu, napima mikojo na vinyesi vya watu, jicho kwenye darubini kutwa nzima. Basi. Jina langu likawa Darubini hapohapo. Darubini, shusha makalio! Darubini, bado tano!

Kesho siendi. Wendawazimu wale.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda.

Ijumaa, 7 Februari

Leo chooni, palepale jimu, mkojo umetoka rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nimeutazama mpaka miguu ikafa ganzi. Mimi! Mtu wa mikojo! Nimeona ya kila rangi aliyoruhusu Mungu, lakini wako mwenyewe ni habari nyingine.

Nilipotoka nikamnong'oneza mwalimu wa hesabu — tunamwita Hesabu — aliyekuwa anafunga kamba za viatu. Badala ya kushtuka akapiga vigelegele. Chai! Darubini kapata chai! Wakanirudisha chooni kama bibi harusi, wakanipa kalamu ya wino mzito. Nyuma ya mlango, ukutani, mtu amechora kikombe kinachofuka moshi, na chini yake orodha ya majina. Kumi na saba. Anayekojoa chai anaandika jina lake. Maana yake siku hiyo mwili umeshindwa kudanganya.

Kocha si mtu mbaya. Alisimama nje ya mlango na kuuliza kwa adabu kabisa: dada, wewe ndiye mtaalamu wetu, hii kitu ina madhara? Wote wakanyamaza. Jasho linawadondoka, wananitazama mimi. Sikumbuki mara ya mwisho watu wengi namna ile wamenyamaza kunisikiliza.

Kichwani nilikuwa na somo moja la chuoni. Msuli ukivunjika kupita kiasi unamwaga uchafu wake kwenye damu, uchafu unakwenda kuziba figo. Nililikumbuka. Hata ukurasa niliukumbuka.

Nikasema: "Kunyweni maji mengi tu. Itasafika."

Wakacheka, wakashangilia. Nimeandika jina langu, la kumi na nane.

Nimekunywa maji kama ng'ombe siku nzima. Jioni mkojo mweupe. Basi nilisema kweli. Si ndiyo?

Alhamisi, 27 Februari

Mzee kaniona leo nikishuka ngazi za kliniki kinyumenyume, maana mapaja yamekataa kwenda mbele. Mzee ndiye mwenzangu wa kutoa damu, amebakiza mwaka astaafu. Akauliza kama nimevamiwa. Nikamweleza. Akasema zamani mtu alikimbia akifukuzwa na mbwa, nyie siku hizi mnakimbia na mbwa hayupo.

Nikamjibu mbwa yupo, Mzee, humwoni tu.

Sijui kwa nini nilisema vile. Au najua. Nyumbani hakuna anayeniita chochote. Binti yangu yuko shule ya bweni. Baba yake ana mke mwingine na kitambi kipya. Jokofu linanguruma, nalijibu. Kazini naweza kuanguka nyuma ya darubini na wasijue mpaka majibu ya mtu yachelewe. Lakini juzi nilikosa jimu siku moja tu, tumbo — watu watatu walipiga simu! Kocha mwenyewe alipiga. Uko wapi, Darubini? Mahali pako pako wazi.

Mahali pangu. Pana alama ya gundi nyeupe sakafuni, na jasho langu limeacha doa.

Jumatatu, 10 Machi

Yameanza Mashindano ya Siku Thelathini. Jumatatu hadi Jumamosi, wiki tano. Kila mmoja ana pacha. Pacha akikosa siku moja, wote wawili mnafutwa ubaoni. Si kwa kitambaa — kocha anafuta kwa kiganja, mbele ya watu, na anaondoka na chaki mkononi kama damu. Mkimaliza siku thelathini majina yenu yanachorwa kwa rangi, kwenye ukuta wa mlangoni, hayafutiki tena.

Pacha wangu ni Hesabu. Ananihesabia kwa sauti ya darasani. Nampenda.

Nimwandikie nani kwamba nataka jina langu kwenye ule ukuta kuliko nilivyotaka nyumba? Aibu. Lakini nataka.

Jumamosi, 22 Machi

Siku ya kumi na mbili. Nimepanda ngazi zote za kliniki na kikapu cha sampuli mkononi, bila kuhema. Suruali ya zamani imefunga kifungo. Nalala kama gogo. Tabibu wa mifupa na misuli, yule mwenye chumba mkabala na maabara, ananiambia wiki hii amepokea watatu kutoka ghala lenu: goti, mgongo, kisigino. Nikamwambia wangekaa kwenye kochi ungewapokea wa moyo na sukari. Akasema kweli. Halafu akasema: ila mnaharakisha nini? Kuna mtu anawasubiri?

Wivu tu, huyu. Ana kitambi.

Jumamosi, 5 Aprili

Siku ya ishirini na nne, na mambo yameharibika.

Hesabu alikuwa ananyanyua chuma juu ya kichwa, raundi ya mwisho. Nikasikia kitu kama kitambaa kinachanwa. Bega. Alikaa chini taratibu, uso wa majivu, na jambo la kwanza alilosema ni samahani. Samahani, Darubini. Amebaki ananiomba msamaha mpaka wanamwingiza kwenye gari.

Nami nilikuwa nawaza nini? Nilikuwa naangalia ubao. Ndiyo ukweli, na hapa hasomi mtu. Mwenzangu anapelekwa hospitali na mimi naangalia ubao.

Kocha akaniambia sheria ipo: leta pacha mwingine kabla ya Jumatatu kengele kulia, mtu yeyote, amalize na wewe wiki iliyobaki. Usipoleta, nafuta. Alisema kwa huruma. Lakini angefuta.

Nimekwenda moja kwa moja kwa mdogo wangu.

Nilimkuta kwenye cherehani yake, mtoto wa miezi minane amelala ndani ya kikapu cha vitambaa. Mdogo wangu hajakimbia tangu aliposhindana shuleni kubeba yai kwenye kijiko. Akacheka. Dada, mimi? Mimi nikiinama kuokota sindano naona nyota! Nikamwambia wiki moja tu. Siku sita. Nikamwambia ataona tumbo la baada ya kuzaa linavyopungua. Nikajua pa kugusa: nikamkumbusha shemeji anavyomwita godoro mbele za watu, na yeye anavyocheka ili asilie.

Akakata uzi kwa meno. Akasema sawa, Dada, kwa sababu ni wewe.

Jumatatu, 7 Aprili

Siku ya ishirini na tano. Mdogo wangu kaja na fulana ya shemeji na kilemba cha kulalia. Wakampa jina Cherehani. Wakampokea kama mwana mpotevu.

Kocha alisema yeye mgeni, afanye nusu. Alisema, nakumbuka. Lakini pacha wa mbele yetu walikuwa wanakwenda kwa kasi, na mdogo wangu alinitazama, nikamwambia unaweza. Tukafanya zote. Kuchuchumaa mia mbili. Kila alipotaka kusimama nilikuwa wa kwanza kuuliza: "Mwili?" Na yeye mwenyewe akajibu, ananing'inia kwenye sauti yake: "Mwongo!"

Alimaliza. Akalia, akanikumbatia, jasho tupu. Akasema tangu azae hajajisikia kuwa ana miguu.

Nilijisikia mtu mzuri leo. Nimempa kitu mdogo wangu.

Jumanne, 8 Aprili

Hawezi kukaa wala kuinuka. Mapaja magumu kama mbao, anasema, na yamejaa. Tumecheka. Nimempa vidonge vyangu vya maumivu, vile vikali, viwili asubuhi viwili jioni. Kaja. Kafanya. Pushapu na kamba.

Jumatano, 9 Aprili

Lazima niandike hii kama ilivyo.

Asubuhi, baada ya kengele, alikwenda chooni, akatoka anacheka na macho yake hayacheki. Chai, akasema. Si chai hata — soda nyeusi. Wakashangilia, akaandika jina lake chini ya kikombe. Cherehani. Wa ishirini na sita. Akarudi akaninong'oneza: Dada, ni kawaida kweli? Nikamwambia ni kawaida, ila niletee kidogo kazini tuone.

Kaleta saa nne, kwenye chupa ya dawa ya mtoto iliyooshwa. Mzee alikuwa wodini anatoa damu. Nilikuwa peke yangu.

Nikachovya kijiti cha kupimia. Kikageuka kijani kibichi papo hapo mpaka mwisho: damu, nyingi. Nikazungusha mkojo kwenye mashine, nikaweka tone chini ya darubini. Nikatafuta chembe nyekundu za damu. Nikahamisha kioo. Nikatafuta. Hakuna. Hata moja!

Kijiti kinasema damu, darubini inasema hakuna damu. Jibu lake ni moja na kila mwanafunzi analijua. Ni msuli. Msuli wa mdogo wangu ndio uliokuwa ndani ya ile chupa.

Alikuwa amekaa kwenye benchi nje, anamnyonyesha mtoto. Ningemwambia twende kwa daktari sasa hivi, ghorofa moja chini. Angewekewa dripu leo. Na asubuhi kocha angenyanyua kiganja, siku ya ishirini na nane, zikiwa zimebaki mbili.

Nikatoka. Nikasema: "Kunywa maji mengi. Lita tatu. Itasafika."

Akasema asante, Dada. Akasimama kwa kujishika ukuta.

Chupa nimeiosha. Kwenye rejista sijaandika. Kila mkojo unaoingia mle ndani naandika, miaka kumi na tisa, hata wa mwanangu niliandika.

Itasafika. Wangu ulisafika.

Alhamisi, 10 Aprili

Anakunywa maji. Nimemuuliza mara nne. Nimemwambia leo afanye pole pole na amefanya pole pole. Uso umevimba kidogo, usingizi huo, mtoto anamsumbua.

Mzee kaniuliza mbona sisemi. Nimemjibu nahesabu chembe.

Jumamosi, 12 Aprili

Siku ya thelathini.

Jana sikuandika. Hakuna la kuandika. Jana mdogo wangu alisema anakojoa kidogo sana na mimi nikasema ni jasho, maji yote yanatoka kwa jasho. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Leo ghala lilijaa. Ndugu za watu, watoto mabegani, shemeji naye kaja, kavaa shati la kutokea. Kazi ya mwisho: kuchuchumaa mia tatu kwa kila jozi, mnapokezana, wa kwanza anapiga kengele. Nilitaka nifanye mimi mia mbili. Nilimwambia hivyo, Mungu anajua. Lakini akiwa chini, mia na kumi, rangi imemtoka, shemeji akapiga kelele kutoka nyuma: "Mke wangu! Mke wangu huyo!" Mdogo wangu akasikia. Akaendelea. Hakuna aliyeweza kumsimamisha baada ya hapo. Sikujaribu sana.

Tulikuwa wa nne. Kengele tulipiga pamoja. Majina yamechorwa leo leo kwa rangi nyekundu, Darubini na Cherehani, na rangi imechuruzika kidogo kwenye herufi yangu ya mwisho.

Nililala mchana kwa furaha. Niandike hivyo hivyo: kwa furaha.

Jumatatu, 14 Aprili

Hospitali kubwa. Naandika kwenye benchi la korido.

Shemeji alipiga jana jioni. Mdogo wangu anatapika, hajakojoa tangu Jumamosi, miguu imevimba mpaka pete ya kidole cha mguu imezama. Tulimleta na gari la jirani. Daktari wa zamu alibonyeza paja, mdogo wangu akapiga ukelele ambao sijausikia hata alipokuwa anazaa.

Damu wamechukua. Karatasi ya majibu niliisoma juu chini kutoka mkono wa nesi, nina mazoea. Kipimo cha msuli: mashine imeshindwa kuhesabu, wameandika "zaidi ya". Figo zote mbili zimesimama. Potasiamu iko juu, moyo unaweza kuzima wakati wowote.

Saa tisa wamemuunganisha na mashine ya kusafisha damu. Mrija shingoni. Ni mdogo kwa kile kitanda, yule aliyeitwa godoro.

Mama yuko njiani.

Jumanne, 15 Aprili

Mama amefika na kikapu cha nguo za mtoto. Amekaa kitandani, miguuni pa kitindamimba wake, anamsugua nyayo.

Daktari wa figo ni mwanamke mdogo, mpole, anaongea taratibu. Akatuita wote karibu na kitanda: mama, shemeji, mimi. Akauliza mazoezi yalianza lini. Jumatatu ya wiki iliyopita, akajibu mdogo wangu. Akauliza vidonge gani vya maumivu. Akataja. Nani alikupa? Nilinunua mwenyewe dukani, akasema.

Nikainua kichwa.

Daktari akauliza: na mkojo, kabla ya Jumapili, rangi yake ilikuwaje? Kuna siku uligeuka? Maana mtu akija siku ile ya kwanza tunamwekea maji kwenye mshipa na mara nyingi anarudi nyumbani na figo zake. Siku ni kila kitu kwenye ugonjwa huu.

Mdogo wangu alitazama dari. "Kawaida tu, daktari. Sikuona kitu."

Hakunitazama. Alijua akinitazama nitaonekana.

Shemeji akasema hawa wa jimu watanitambua. Mama ndiye aliyemaliza. Alimpiga mdogo wangu kofi dogo la mguuni, la mapenzi, la hasira, akasema: mtoto mjinga wewe, una dada yako miaka ishirini maabara, hata ungemwonyesha yeye! Yeye angejua!

Nilisema nakwenda kununua maji. Nimekaa chooni hapo chini nusu saa. Ukuta wake ni mweupe, hauna majina.

Baadaye, mama alipotoka kumbembeleza mtoto, nikamshika mdogo wangu mkono nikamuuliza kwa nini amesema vile. Midomo imepasuka. Akasema: wangekufukuza kazi, Dada. Na mama asingekusamehe, unamjua. Halafu akasema kitu kingine, macho yamefumba. Alisema mapaja yalikuwa yanauma mno tangu Jumanne. Ila nilidhani, Dada, ni uongo wa mwili tu.

Jumatano, 16 Aprili

Nimepita jimu alfajiri. Sikuvaa viatu vya mazoezi. Walikuwa raundi ya pili. Kocha akazima muziki — sijawahi kumwona akizima muziki — wote wakaja kunizunguka, jasho, harufu ya mpira. Cherehani anaendeleaje? Wamechangia damu, wamepanga zamu za kukaa naye. Mwalimu Hesabu yumo, mkono kwenye kitambaa shingoni, anahesabia wengine. Watu wema. Hilo ndilo linaloniumiza, ni watu wema na nilitaka wawe wabaya.

Nilimwambia kocha afute ule ukuta wa chooni. Akashika kichwa. Akasema: lakini Darubini, nilikuuliza. Mbele ya watu wote. Wewe si ndiye ulituambia tunywe maji?

Hakusema kwa ubaya. Alikuwa anauliza kweli, kama mwanafunzi.

Nikaingia chooni mwenyewe na dawa ya sakafu na brashi. Wino mzito hautoki. Nimesugua jina lake mpaka plasta ikatoka. Langu liko juu yake kidogo, limefifia, linasomeka.

Nilipokuwa natoka, muziki ulikuwa umerudi. "Mwili?" Wachache wakajibu.

Kliniki nimeomba ruhusa. Mzee akaniambia pole. Halafu akasema, anafuta miwani: Jumatano ile ya wiki iliyopita nilimwona mdogo wako kwenye benchi letu na chupa. Nikatafuta jina lake kwenye rejista, sikuliona.

Alivaa miwani akaenda kutoa damu.

Alhamisi, 17 Aprili

Siku ya nne ya mashine. Daktari anasema figo wakati mwingine zinalala wiki mbili, tatu, halafu zinaamka. Wakati mwingine haziamki. Anangoja mkojo. Wote tunangoja mkojo! Mfuko unaning'inia ubavuni mwa kitanda, mrija mweupe, mtupu, na mama anauangalia tangu asubuhi kama watu wanavyoangalia chungu kichemke. Mtoto kaachishwa ziwa ghafla, analia kwa shemeji huko chini bustanini, anasikika mpaka hapa.

Asubuhi nilimfuata daktari kwenye korido. Nilikuwa nimejipanga. Nimepanga maneno yangu kama sampuli: moja, mbili, tatu. Nilimuuliza badala yake kama ndugu wa tumbo moja anaweza kutoa figo. Akasema tusifike huko. Akasema wewe ni dada mzuri.

Nikasema asante.

Saa nane na robo. Mama ameita kwa sauti, nilidhani mdogo wangu amekufa. Nimekimbia. Kwenye mrija kuna kitu. Urefu wa vidole viwili, labda kijiko kimoja cha chakula, kinashuka taratibu kwenye mfuko. Nesi amefurahi, amekwenda mbio kumwita daktari. Mdogo wangu amelala, hajui. Rangi yake ile ile. Soda nyeusi.

Nimekaa kwenye kiti cha dirishani na daftari hili.

Mama ameinua mfuko kwenye mwanga. Anaugeuza. Anasema: wewe ndiye mtu wa mambo haya, mwanangu. Rangi hii ndiyo nzuri au ndiyo mbaya? Umewahi kuiona?

Nimemwambia ngoja kidogo, Mama, namalizia kuandika.

Anangoja. Hajaushusha mfuko.